Siku Tisa Andalusia, Begi Mgongoni, na Sinywi Pombe

*“Shikamoo dada. Nina miaka 26, mzaliwa wa Tanga, nasoma shahada ya pili Leipzig, Ujerumani. Juni nina siku tisa za mapumziko na nataka kuzunguka Andalusia, kusini mwa Hispania, peke yangu na begi la mgongoni: Málaga, Ronda, Granada, Córdoba, Sevilla na Cádiz. Nataka kuiona Alhambra, ile ngome ya kasri za wafalme Waislamu Granada, na ule msikiti wa Córdoba, lakini kusema kweli nataka pia kuonja maisha ya usiku yanayosifiwa. Tatizo, mimi ni Muislamu, navaa hijabu na sinywi pombe. Rafiki zangu wananiambia bila pombe nitakuwa hosteli saa nne usiku nikihesabu mbao za dari. Mama naye anasema msichana peke yake usiku ugenini anatafuta balaa. Joto halinitishi, mimi ni mtu wa Tanga. Je, mpango wangu unafaa? Na nitahitaji viza ya Hispania?”*

Marahaba mdogo wangu. Nimekaa Granada miaka kadhaa nikitembeza wageni, na swali lako nimelipata kwa sura nyingi, ila ni wachache wanaoliuliza wazi kama wewe.

Nianze na viza, maana ndiyo nyepesi. Ukiwa na kibali halali cha ukaazi cha Ujerumani pamoja na pasipoti iliyo hai, huhitaji viza nyingine. Kibali hicho kinakuruhusu kutembea katika nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyote viwili, kadi na pasipoti. Kadi peke yake haitoshi. Ila kama kadi inakaribia kuisha, au umepewa karatasi ya muda ukisubiri kadi mpya, usikate tiketi bado. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji wako, onyesha karatasi yenyewe, uulize kama inakuruhusu kutoka na kurudi. Karatasi hizo haziko sawa zote, na hilo siwezi kukujibia kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye hofu zenu. Wewe, mama na rafiki zako mnaogopa vitu tofauti, lakini nyote mmekosea mahali pamoja: mnaisoma saa ya Hispania kama saa ya kwenu.

Hispania iko magharibi kabisa ya Ulaya, usawa mmoja na Uingereza, lakini tangu mwaka 1940 saa zake zinafuata za Ujerumani. Kwa hiyo ukishuka Málaga hutabadilisha saa yako ya Leipzig hata dakika moja, ila jua litakuwa nyuma. Tanga jua linakuwa utosini saa sita na dakika ishirini na kitu mchana. Sevilla mwezi Juni linafika utosini karibu saa nane na nusu. Tanga maghribi huchezea saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini Sevilla wakati huo jua linazama saa nne kasoro dakika kumi usiku, na isha inakaribia saa sita. Kwa hiyo ukisikia Wahispania wanakula chakula cha jioni saa tatu usiku, usiwaone wakesha. Kwa hesabu ya jua wanakula saa kumi na mbili na nusu jioni, kama bibi yako.

Mgeni asiyejua hili siku zake huharibika kwa mtindo mmoja. Anaamka mapema, anatembea juani kutwa, saa kumi na mbili jioni njaa inamuuma. Majiko ya maana yamefungwa tangu saa kumi na hayatawashwa mpaka saa mbili na nusu au tatu. Anaishia kwenye ule mgahawa wenye picha za paella mlangoni, analipa bei ya kushangaza kwa wali uliopashwa moto, saa nne yuko kitandani hoi. Kesho yake anasema maisha ya usiku ya Andalusia hayakumhusu kwa sababu hanywi. Pombe haikuwa na kosa hapo. Alilala kabla usiku haujaanza.

Na hapo hapo niiguse ile sentensi yako ya joto, kwa sababu ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Joto la Tanga lina unyevu. Jasho linakukalia mwilini, unajua umelowa, unatafuta maji. Joto la Córdoba ni kavu: jasho linakauka kabla hujalihisi, ngozi inabaki kama haijatoka kitu, na mwili unapoteza maji kimya kimya. Digrii 35 kwa Juni ni kawaida, na likija wimbi la joto zinapita 40. Agosti 2021, mji mdogo wa La Rambla katika mkoa wa Córdoba ulifika 47.6. Tena kwa sababu ya hiyo saa iliyovutwa mbele, kilele cha joto si saa nane mchana kama unavyotegemea, bali kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati mtu wa kwetu anajiambia “jua limepoa, nitoke”. Wenyeji wamefunga mbao za madirisha na wamelala. Fanya hivyo hivyo. Tembea asubuhi mpaka saa saba, kula, lala, oga, toka saa mbili usiku. Maji ya bomba yananyweka, kwa hiyo chupa moja ya kujazia inatosha safari nzima.

Sasa usiku wenyewe. Rafiki zako wa Leipzig wanaposema maisha ya usiku wanawaza disko. Disko zipo, zinaanza kujaa saa nane usiku na kufunga alfajiri, na ukitaka kucheza hakuna atakayekuuliza glasi yako ina nini. Lakini hizo ni ncha tu. Usiku wa Andalusia kwa sehemu kubwa ni baraza. Watu wote wanatoka nje kwa sababu ndani hakukaliki na nje sasa kumepoa. Saa tano usiku katika uwanja mdogo wa mtaani utakuta watoto wa miaka mitano wanacheza mpira kwenye ukuta wa kanisa, bibi watatu wamevuta viti vyao na feni za mkononi, na vijana wamesimama kuzunguka pipa lililogeuzwa meza. Wanakula kidogo hapa, wanahamia pale. Anayelewa mpaka kuyumba anaonekana mtu wa ajabu. Mara nyingi ni mgeni.

Granada itakufurahisha zaidi, maana huko bado wana desturi ya zamani: ukiagiza kinywaji, kisahani cha chakula kinakuja bure. Ndizo tapas zenyewe. Kinywaji euro 3 hivi, na aghalabu soda au juisi nayo inaheshimiwa, ingawa kahawa haihesabiwi. Jifunze neno moja: *mosto*. Ni maji ya zabibu yasiyochachushwa, yanakuja baridi kwenye glasi na kipande cha chungwa, na hakuna mtu wa kaunta atakayekutazama mara mbili. Bia isiyo na kileo nayo inanywewa sana Hispania, lakini angalia: iliyoandikwa *sin* inaweza kubaki na kileo kidogo, ile ya *0,0* karibu haina kitu. Uamuzi ni wako na dhamiri yako.

Kinachohitaji macho zaidi ni nguruwe. Huku hawamhesabu kama nyama. Wanamhesabu kama chumvi. Utaagiza *salmorejo*, supu nzito ya nyanya ya Córdoba, baridi, tamu mno, nayo itakuja imenyunyiziwa juu vipande vya *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Maharage nayo, vivyo hivyo. Ukisema huli nyama watakuletea jamón kwa moyo mweupe kabisa. Kwa hiyo sema wazi kabla kisahani hakijatoka: *sin cerdo, sin jamón, por favor*. Peremende na biskuti za asili nyingine hutengenezwa kwa *manteca*, mafuta ya nguruwe. Ukishavuka hapo, meza ni yako: biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa, mchicha na dengu wa Sevilla wenye bizari ya pilau, mayai na viazi, samaki wa kila namna. Málaga, nenda ufukweni upande wa Pedregalejo au El Palo. Wanatumia ngalawa kuukuu iliyojazwa mchanga kuwa jiko, sadini wamechomwa kijiti kama mishikaki na kusimamishwa kando ya moto, si juu yake, mpaka ngozi inatoa mapovu. Mchomaji hukaa upande upepo unakotoka na haongei na mtu.

Flamenko usiikose, lakini uiendee kwa adabu. Kwa mtu aliyekulia karibu na taarab kuna mtego mmoja. Kwetu wimbo ukikukuna unainuka, unakwenda kutunza, unapiga makofi na ukumbi mzima. Huku usipige makofi. Yale makofi unayoyasikia jukwaani ndiyo ngoma yenyewe. Mizunguko mingi ina mapigo 12, mkazo hauangukii unapoutegemea, na mgeni mmoja anayepiga kwa mtindo wa tatu-nne anamvuruga mchezaji miguuni. Sauti ndiyo unaruhusiwa: *olé* inayokutoka yenyewe. Chagua ukumbi mdogo usio na chakula cha jioni wala vipaza sauti, hasa Sevilla, ukae karibu usikie pumzi za mwimbaji. Maonyesho ya mapangoni Sacromonte, Granada, yana historia halisi, lakini mengine siku hizi ni ya kushusha basi na kupakia basi. Ulizia mapokezi ya hosteli wafanyakazi wenyewe huenda wapi siku yao ya mapumziko.

Mama yako nimjibu bila kumbeza. Msichana peke yake barabara za katikati ya Granada au Sevilla saa sita usiku amezungukwa na familia, na ndiyo sababu naziona salama kuliko nyingi nilizopita. Hatari ya kawaida ni vibaka: simu juu ya meza, begi kwenye mgongo wa kiti. Nje ya kanisa kuu la Sevilla na lile la Granada kuna akina mama wanaokuwekea kijani cha rozimari mkononi, wanasoma kiganja, halafu wanadai hela. Usikipokee, *no, gracias*, mikono imefungwa, pita. Hatari ya pili ni saa zile watu wanapopungua, tuseme kuanzia saa nane usiku. Vichochoro vya juu vya Albaicín, Granada, ni vizuri kupita kiasi na vinabaki vitupu ghafla. Panda kule kuangalia Alhambra ikiwaka taa kutoka uwanja wa San Nicolás, lakini shuka kwa basi dogo la mtaa au kwa teksi. Kinywaji chako, hata kama ni soda, kisikuache. Likitokea lolote namba ni 112 kwa dharura zote, bure, na polisi, gari la wagonjwa na zimamoto wako hapo hapo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya watalii hulirukia. Wewe ni mweusi, na polisi wa Hispania wana haki kukuuliza kitambulisho barabarani au stesheni. Weusi huulizwa zaidi. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kuwa Hispania ilimbagua raia wake mwenyewe, mwanamke mweusi aliyesimamishwa na polisi stesheni ya treni kwa sababu ya rangi yake. Sikwambii ili uogope. Wengi hupita wiki nzima bila kuulizwa chochote. Nakwambia ili kadi ya ukaazi iwe mfukoni badala ya kubaki hosteli, na likikukuta usidhani umekosea kitu. Hijabu yenyewe haitashangaza mtu. Morocco iko ng’ambo ya mlango wa bahari tu, na mitaa ya Granada imejaa familia za kutoka huko.

Sasa nikukate miji miwili. Sita kwa siku tisa ni kuhama na begi kila siku, na kila kuhama kunakula nusu siku. Ningelala Málaga usiku mmoja, Granada mitatu, Córdoba mmoja na Sevilla mitatu, kisha nirukie nyumbani kutoka Sevilla. Málaga hadi Granada basi linachukua saa moja na nusu mpaka mbili. Treni ya kasi ilifika Granada mwaka 2019, na kwenda Córdoba ni kama saa moja na nusu. Córdoba hadi Sevilla dakika 45. Cádiz unaweza kwenda na kurudi siku moja kutoka Sevilla ukiona joto limekushinda, maana kule bahari inapuliza. Ronda iache. Daraja lake la mwaka 1793 juu ya korongo la karibu mita 100 ni zuri kweli, lakini litakugharimu siku nzima ya mabasi.

Alhambra ndiyo inayovunja watu mioyo. Tiketi huuzwa kwa jina na namba ya pasipoti, na Juni huisha wiki nyingi kabla. Kasri za Wanasri, wale wafalme Waislamu wa Granada, sehemu ambayo kila mtu anaijia, zina saa yake maalumu iliyoandikwa kwenye tiketi; ukichelewa, imekwenda, hata kama umelipa na unalia mlangoni. Tiketi ya bustani na ngome peke yake ni rahisi kuipata lakini *haiingii* kasri hizo, na wengi hugundua wakiwa ndani tayari. Kata kwenye tovuti rasmi ya Alhambra, si kwa wachuuzi. Ukikosa ya mchana tafuta ya usiku: kasri hizo zina ziara ya usiku, na kwa ninavyoona mimi zinapendeza zaidi bila msururu. Pangilia safari yote kuizunguka tiketi hiyo, si kinyume chake.

Córdoba nimekuwekea usiku mmoja kwa sababu maalumu. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi tatu na nusu asubuhi, mtu mmoja mmoja anaingia bure kwenye ule msikiti, bila makundi, na wanataka kimya. Utasimama katikati ya nguzo zaidi ya 850, matao mekundu na meupe yakipandana kila upande, na kwa dakika kadhaa hutaona mwisho wake. Ujenzi ulianza miaka ya 780, enzi za Abd al-Rahman wa Kwanza. Jengo likawa kanisa mwaka 1236, na karne ya 16 wakapasua katikati yake kuweka ukumbi wa kanisa kuu. Hapa nikuonye kama ndugu: huwezi kusali humo. Hata kunyanyua mikono, walinzi wanakujia. Mwaka 2010 kundi la vijana Waislamu kutoka Austria walijaribu, polisi wakaitwa. Wengi wetu tunatoka pale na kitu kimekaba koo, na si vibaya ukijua mapema. Angalia pia mihrabu, kazi ya karne ya 10: inaelekea kusini zaidi, wakati Makka kutoka pale iko mashariki. Wewe uliyezoea kibla ya kaskazini utahitaji dira, na usiiulize mihrabu. Kwa sala ya jamaa, Granada kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, pembeni tu ya ule uwanja wa San Nicolás, na bustani yake inatazama Alhambra ana kwa ana.

Sevilla sina haja ya kukupangia. Panda Giralda, mnara wa msikiti uliogeuzwa wa kengele. Hauna ngazi karibu mpaka juu, ni miinuko tu, ili mwadhini aweze kupanda na mnyama. Ingia Alcázar, ambayo ni *al-qasr*, kasri yetu ile ile. Meya wa mji wanamwita *alcalde*, yaani kadhi, na kwenye chai utaomba *azúcar*. Jioni vuka mto uende Triana ukae tu.

Hosteli chagua yenye chumba cha wanawake na pazia la kitanda, na soma maoni ya wageni ukitafuta neno “kelele”. Zile zinazojitangaza kwa misafara ya baa zitakunyima usingizi wa mchana, na bila usingizi wa mchana mpango huu wote unaanguka. Uwe na kufuli lako.

Kama bima yako ni ile ya afya ya umma ya Ujerumani, geuza kadi yake: nyuma kuna kadi ya Ulaya inayokupa matibabu ya lazima katika vituo vya serikali vya Hispania. Kama ni bima binafsi ya wanafunzi, wapigie kabla hujaondoka. Na kuhusu joto, usijitibu kwa ushujaa. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikakushika, kaa kivulini, kunywa maji, lowesha shingo. Ukianza kutapika au kuchanganyikiwa maneno, au ngozi inawaka bila jasho, hapo si suala la kupumzika hosteli. Mwambie mtu yeyote aliye karibu apige 112. Pasipoti ikipotea, ripoti polisi siku hiyo hiyo upate karatasi ya *denuncia*, maana bila hiyo ubalozi wako hautaweza kuanza kukusaidia vizuri.

Begi lenyewe lisizidi unachoweza kubeba dakika 20 kwenye mlima wa mawe ya mviringo, kwa sababu Albaicín itakupima hivyo. Viatu vyenye soli nene. Na doti moja ya kanga: moja ya kujitandia kwenye basi lenye kiyoyozi cha kugandisha, nyingine ukiilowesha maji na kuitundika dirishani saa kumi alasiri, chumba kinalalika.